Nairobi hadi New York bila kushuka njiani: saa 14 na nusu nikiwa na mama

Januari nilimsindikiza mama New York kumwona mjukuu wake. Ana miaka 71, ana kisukari na goti linalomsumbua. Tikiti ilimchanganya: tunapaa saa sita usiku, tunatua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. "Kumbe hata basi la usiku la Mombasa linakawia zaidi!" Nikamweleza kwamba majira ya baridi New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Zile saa sita na nusu za kwenye karatasi ni saa 14 na nusu kitini, kilomita kama 11,800.

Miaka mitatu nyuma tulisafiri kwa ndege ya kuunganisha. Tulikaa saa tisa kwenye kiti cha chuma katika uwanja wa ndege wa nchi ya watu, mama akiogopa hata kwenda msalani asije akapotea. Toka mlango wa nyumbani hadi mlango wa dada yangu ilikuwa saa 31. Safari hii tulipanda Dreamliner (Boeing 787) ya Kenya Airways, ikawa saa 21, pamoja na kufika JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, mapema kwa sababu wasafiri wa kwenda Marekani hukaguliwa tena kabla ya kupanda. Nililipa takriban shilingi elfu 30 zaidi kwa kila mtu. Kwa mzee, ningelipa tena.

Nairobi iko juu, mita 1,600 na ushei, na hewa yake ni nyepesi. Ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu namna hiyo hukimbia sana kabla ya kuinuka. Mama alinishika mkono, midomo ikisali, hadi magurudumu yakaachana na lami.

Sahara yote tuliivuka gizani. Madirisha hayana pazia. Kuna kitufe chini yake, ukibonyeza kioo kinageuka buluu nzito polepole. Mama alikibonyeza mara nne. Kila baada ya saa mbili nilimtembeza hadi nyuma na kurudi, na soksi za kubana alizoshauriwa na daktari zilisaidia: miguu ilivimba kidogo tu. Dawa zake niliziweka kwenye mkoba wa mkononi, na saa yangu nikaiacha kwenye majira ya Nairobi ili nisikosee dozi. Ukisafiri na mgonjwa wa sukari, fanya hivyo hivyo.

Kurudi ni kufupi. Upepo wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo ulikuwa unatusukuma mgongoni. Tukaokoa kama saa nzima. Tulipaa JFK, uwanja wa ndege wa New York, saa sita na robo mchana, tukatua saa nne kasoro robo asubuhi ya pili yake. Saa saba mchana mama alikuwa Thika, jikoni kwake, akijipima sukari. Ilisoma 7.2 (mmol/L), kiwango kisichotisha.