PanOptix, AT LISA tri au Vivity: lenzi ipi baada ya kutolewa mtoto wa jicho?

Lenzi ya kawaida inayowekwa ndani ya jicho humrudishia mtu uoni wa mbali, kisha akipata ujumbe wa simu hupapasa mfukoni kutafuta miwani. Lenzi za masafa mengi zinaiondoa miwani hiyo kwelikweli, mradi jicho liwe zima. Ila haziongezi mwanga: ule ule unaoingia jichoni ndio unaogawanywa, na tofauti zao zinaanzia kwenye mgao huo.

AT LISA tri 839MP ya Zeiss, lenzi ya masafa matatu, inaupa uoni wa mbali asilimia 50 ya mwanga, wa karibu 30, wa katikati 20. Masafa yake ya karibu ni sentimita 40 na ya kati ni 80. PanOptix ya Alcon, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, nayo ni ya masafa matatu: masafa yake ya karibu ni 40, lakini ya kati ni 60. Hizo sentimita 20 si kitu kidogo. Kompyuta mpakato hukaa kwenye 60 hivi, kiwiko kikiwa kimekunjwa. Bidhaa za rafu iliyo nyuma ya kaunta, au skrini kubwa iliyosogezwa nyuma, huwa kwenye 80. Pima kwa futikamba umbali wa kazi yako kabla ya kwenda kliniki. Kwa anayeshinda kwenye kompyuta mpakato, tungeanza na PanOptix.

Usiku ndio mtihani. Taa ya gari linalokuja huzungukwa na pete, kwa sababu mwanga uliotengwa kwa ajili ya karibu unatua kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, bila kukusanyika na kutandaza ukungu kuizunguka taa. Wengi huzizoea ndani ya miezi mitatu hadi sita. Wachache hawazizoei kabisa. Dereva wa lori au wa bodaboda anayefanya kazi usiku tusingempa lenzi ya masafa matatu. Vivity, pia ya Alcon, haina miduara ya kugawa mwanga. Inarefusha tu eneo mwanga unapokusanyika, hivyo pete ni chache. Gharama yake ni kwamba maandishi madogo ya karatasi ya dawa bado yatataka miwani dhaifu, na kwenye mwanga hafifu vitu huonekana kufifia kidogo kuliko kwa lenzi ya kawaida.

Malalamiko mengi yanayoelekezwa kwa lenzi chanzo chake ni vipimo. Kosa la milimita 1 kwenye urefu wa jicho huleta kosa la dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5 hadi 3, na kwa lenzi hizi hata nusu dayopta inatosha kuharibu uoni. Kipimo cha altrasaundi kinachogusa jicho hubonyeza konea, kioo cha mbele cha jicho, urefu unasomeka mfupi, lenzi inachaguliwa kali mno, mgonjwa anabaki haoni mbali. Dai kipimo cha mwanga kisichogusa jicho. Macho makavu yatibiwe kwanza, maana konea kavu hudanganya mashine. Astigmatizimu, yaani konea isiyopinda sawa pande zote, ikizidi dayopta 0.75 inahitaji lenzi ya toriki, iliyotengenezwa kuirekebisha. Upasuaji wa kidonda cha milimita 6 hadi 7, unaookoa macho ya maelfu kwenye kambi zetu za macho, unaweza wenyewe kuongeza astigmatizimu. Lenzi hizi zataka kidonda kidogo cha fako (upasuaji wa kuvunjavunja mtoto wa jicho kwa altrasaundi), chini ya milimita 3. Na kama OCT, picha ya tabaka za retina, inaonyesha kisukari kimegusa katikati ya retina, au presha ya jicho imeshakula mshipa wa fahamu wa jicho, chukua lenzi ya kawaida bila kujuta.

Baada ya upasuaji, kusoma 6/6 ukutani, yaani kuona mbali kikamilifu, kunajibu swali moja tu. Omba usomeshwe kwa macho yote mawili kwenye 80, 60 na 40, kisha taa zipunguzwe usome tena. Uoni ukiwa mbaya tangu siku ya kwanza, usikubali leza ya YAG haraka: ikishatoboa kifuko kilichoshika lenzi, kuibadilisha lenzi hiyo huwa kazi ngumu na ya hatari. Leza ni ya yule aliyeona vizuri kwanza, kisha kifuko kikaingia ukungu miezi au miaka baadaye.