Gemu za pikseli: kabla ya pochi, angalia gumba

Mwezi uliopita nilinunua kidude cha gemu Ngamiani, Barabara ya 12, kwa 35,000. Boksi linasema gemu 400. Mtoto wa kaka yangu hakufika hata ya hamsini: "Shangazi, huyu nyoka tulishamwona, kabadilishwa jina tu." Nikakirudisha. Muuzaji akasogeza kalenda ukutani, nyuma yake kibandiko: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Siku ya kununua kalenda ilikuwa imekifunika vizuri kabisa!

Basi nikahamia gemu za pikseli, zile za picha za vidoti vya mraba, za kununua kwenye simu. Picha na muziki mtajionea wenyewe kwenye video. Mimi naangalia gumba. Tanga hii, saa nane mchana, kidole kinatoka jasho na kioo hakina ukingo wa kukuambia kitufe kimeishia wapi.

Ya kwanza ni Downwell, na upendeleo ninao, siufichi. Ameitengeneza Mjapani, Ojiro Fumoto, ikatoka 2015. Rangi tatu tu: nyeusi, nyeupe, nyekundu. Unatumbukia kisimani umevaa viatu vinavyofyatua risasi kwenda chini. Risasi zinajaa tena ukitua au ukimkanyaga adui, ila mwenye wekundu usimkanyage, mpige. Uhai wa kuanzia ni nne, kwa hiyo wengi wetu ni waja leo waondoka leo. Lakini vitufe! Kushoto na kulia vimebanana chini ya gumba moja la kushoto. Unataka kulia, jasho linakutelezesha kushoto, popo huyo usoni. Nimefia hapo mara nyingi kuliko kwa kosa langu mwenyewe. Sasa nacheza upindo wa kanga uko mapajani, nikikanyaga maadui wawili watatu nafuta gumba. Bado ni ya kwanza.

Ya pili, Vampire Survivors ya Luca Galante. Kwa hoja yangu ya gumba ingestahili kuongoza, najua: unagusa popote kwenye kioo, silaha zinajipiga zenyewe, na kwenye Android ni bure. Ilibeba tuzo ya BAFTA, ile ya Uingereza, ya gemu bora 2023. Ila raundi inaweza kufika dakika 30, maadui wakijaa simu yangu inachemka kama pasi, na hao vampaya wa kwenye jina sijawaona.

Nuclear Throne ya Vlambeer, Waholanzi, pia 2015, ni ya kompyuta. Kuna samaki mwenye bastola, raha tupu. Nunua mausi kwanza, kile kibao cha kugusa cha laptopu hakifai.

Ya bure kwa kompyuta: Spelunky ya 2008, kwenye Windows. Inatosha.

Na kurudishiwa pesa kupo, jamani. Google Play wanakupa saa 48 za kuomba. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, siku 14, mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Kinachoniudhi ni njia ya kulipia. Downwell ilitoka kwa dola 3 kasoro senti moja, mimi nikatengeneza kadi ya mtandaoni kupitia simu: makato ya kuweka, makato ya kubadili fedha, na salio dogo likabaki humo, halitoki wala halinunui kitu.

Kidude cha Ngamiani kachukua mtoto. Anadai nyoka wa gemu ya 212 ana mbio kuliko wa ya 40.