Krono gani ununue kupima kasi ya risasi ukiwa Malindi

Hili swali linakuja kila tukikutana renji (uwanja wa kulenga shabaha), krono gani, yaani mashine ya kupima kasi ya risasi, ninunue, na majibu mengi yanayotolewa yametoka kwa video za Wamarekani ambao wanajaza risasi zao wenyewe nyumbani na duka la vifaa liko hapo tu mtaa wa pili. Huku kwetu mambo ni mengine kabisa. Jua ni lingine, chumvi ya bahari inakula kila kitu, renji moja tunagawana watu wengi, na kitu chochote cha maana lazima kitoke Nairobi au ng'ambo. Kwa hivyo nazipanga hizi mashine kwa hali ya huku, na kwa wasio na subira jibu ni hili: pesa ikiwepo nunua Garmin Xero C1 Pro, isipofika chukua Athlon Rangecraft Velocity Pro, hizi zote mbili ni krono za rada, na kama ziko mbali na mfuko wako basi changeni na wenzako watatu wanne mununue rada moja ya pamoja kabla hujakimbilia zile za vijiti za bei ya chini.

Lakini mwanzo jiulize unapima nini. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, na wengi wetu tunapiga risasi za kiwandani, hatujazi baruti wenyewe, kwa hivyo ile sababu kubwa ya Wamarekani kununua krono sisi hatuna. Sisi zetu ni mbili tatu hivi. Wa bastola anataka kujua kama risasi zake zinafika kiwango cha mechi. Wa raifo anataka kasi ya kweli aiweke kwenye programu ya kukokotoa mshuko wa risasi masafa marefu. Na wa bunduki ya upepo yenye kibali anataka kujua kama springi imechoka au mtungi unavuja.

Hiyo ya mechi wacha niifafanue maana ndo inayoumiza watu. Kwenye IPSC, yale mashindano ya kimataifa ya kulenga shabaha, unachukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito), unazidisha na kasi kwa futi kwa sekunde, unagawa kwa 1,000, na daraja la chini kabisa linataka 125. Sasa chukua risasi ya bastola ya 9mm yenye greni 124, ikitoka kwa futi 1,050 unapata 130 na kidogo, uko salama. Ikitoka kwa futi 1,000 unapata 124, na hapo unaruhusiwa kuendelea kupiga lakini alama zako hazihesabiwi, yaani nauli, hoteli, kiingilio vyote vimeenda. Tofauti ya hizo mbili ni kama mita 15 kwa sekunde tu, mkono hauwezi kuisikia hata uwe na uzoefu vipi. Na ile kasi iliyoandikwa kwenye boksi usiitegemee, kiwanda kilipima kwa mtutu wake, bastola yako ya mtutu mfupi itatoa chini ya hapo.

Sasa tuje kwa mashine zenyewe, na nitakaa sana kwa zile za vijiti kwa sababu ndizo zinazouzwa bei rahisi na ndizo zinazowapotezea watu wa Pwani muda. Hizi ni kama Caldwell, ProChrono, na zile Shooting Chrony za zamani ambazo bado zinazunguka mikononi mwa watu. Zina macho mawili yanayotazama juu katikati ya vijiti, risasi ikipita hapo kivuli chake kinagusa jicho la kwanza hesabu inaanza, kinagusa la pili hesabu inasimama. Macho yakiwa sentimita 30 kutoka moja hadi lingine, risasi ya mita 335 kwa sekunde inapita hapo katikati kwa muda usiofika milisekunde moja. Hapo ndo uone kosa dogo linavyokuwa kubwa: kitako cha krono kikijikunja na macho yakasogea hata milimita 3 tu, tayari una kosa la asilimia 1, zaidi ya futi 10 kwa sekunde, na wewe hutajua maana mashine inakuonyesha namba tu kwa ujasiri wote. Ndo maana Oehler 35P, ambayo Wamarekani wanaiheshimu sana, ina macho matatu kwenye reli ndefu, inapima risasi moja mara mbili halafu unalinganisha, zikikataana unajua kuna kitu hakiko sawa.

Ongeza jua letu. Malindi iko digrii 3 na kidogo kusini ya ikweta, na katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linakaa karibu kabisa utosini, na macho ya krono yanatazama huko huko. Kwa hivyo vile vifuniko vyeupe vya plastiki vinavyokuja na mashine si urembo, vivalishe kila jua likiwa wazi, na mbingu ikijaa mawingu sawasawa unaweza kuvitoa. Kazi inakuwa ngumu siku za kusi wingu linapopita jua linarudi wingu linapita tena, unapata namba ya kwanza sawa, ya pili haisomi, ya tatu inaruka juu huko. Kuna renji imezungukwa na minazi, jani likicheza juu ya jicho nalo ni kivuli. Kaskazi ikivuma hivyo vifuniko vinashika upepo na tripodi inalala chini, tundika mtungi wa maji wa lita 5 katikati ya miguu yake itatulia. Wapo wanaonunua taa za infraredi za kukaa juu ya macho ili wasitegemee jua, zinasaidia kweli, lakini ukijumlisha taa na betri zake ushaanza kukaribia bei ya kitu bora.

Na bado hatujafika kwa kile ninachokiona ndo kikubwa zaidi, usalama na muda wa wenzako. Krono ya vijiti inakaa mbele ya mdomo wa mtutu, mita 3 hadi 5, ukiisogeza karibu mshindo na gesi ndivyo vinavyopimwa badala ya risasi. Maana yake ni kwamba kila ukitaka kuiweka, kuirekebisha, kuokota kifuniko kilichopeperuka, lazima msimamizi wa renji asimamishe kila mtu, silaha zote ziwekwe chini zikiwa tupu, ndo wewe utoke mbele. Watu kumi wanasimama juani wakikusubiri. Halafu darubini ya raifo iko juu ya mtutu kama sentimita 4 au 5, wewe kwenye darubini unaona njia nyeupe kabisa kumbe mtutu unatazama kijiti, na risasi moja ikigusa hapo huna krono tena. Ukipiga kwa mshazari nayo inasoma pungufu kwa sababu risasi imesafiri njia ndefu kidogo kati ya macho.

Rada inaondoa karibu yote hayo. Inakaa pembeni mwako, nyuma kidogo ya mdomo wa mtutu, inatuma mawimbi na kusoma jinsi yanavyobadilika yakirudi kutoka kwa risasi inayokimbia, kwa hivyo jua, mawingu, mnazi, hakuna kinachoihusu, na hakuna sababu ya mtu yeyote kutoka mbele. Garmin Xero C1 Pro ilitoka 2023 na mpaka leo ndiyo namba moja kwangu. Inaenea kwa mfuko wa shati, uzito wake ni gramu mia na kidogo, inasoma kuanzia futi 100 hadi 5,000 kwa sekunde, yaani mshale wa uta, bunduki ya upepo, bastola, raifo kali, yote humo humo. Inachajiwa kwa USB-C na chaji moja kampuni inasema inafika risasi 2,000. Ina kiwango cha IPX7 cha kuzuia maji, na kwa mtu wa Pwani hilo si jambo dogo, maana hewa yetu yenyewe ni nusu maji na nusu chumvi. Unachagua aina ya silaha, unaweka makadirio ya kasi, unapiga, namba inatokea, mwisho inakupa wastani, ya juu, ya chini na mtawanyiko wake, yaani kasi zimeachana kiasi gani, na ukitaka inahamia kwa simu.

Bei ndo yenyewe. Garmin ilitoka kwa dola 600, hiyo kwa dola ya shilingi 130 ni elfu 78, weka VAT ya asilimia 16 uko elfu 90 na kitu, bado ushuru mwingine na usafiri. Athlon ilikuja baadaye kwa bei ya chini, nayo ni rada ya kukaa pembeni na inafanya kazi ile ile, naiweka namba mbili na sioni aibu kumshauri mtu yeyote aichukue. LabRadar ile ya kwanza, kubwa ya rangi ya chungwa, naiweka namba tatu na kwa sharti moja: uipate imetumika kwa bei nzuri. Ina raha yake, inaifuata risasi mbele huko na kukuambia kasi kwa umbali tofauti, wa raifo wataipenda hiyo. Lakini ni nzito, inakula betri 6 za AA, na betri feki zilivyojaa madukani utazikuta zimekufa kabla ya saa nne asubuhi, kwa hivyo tembea na powerbank. Tena lazima uielekeze sawasawa kwenye shabaha, na inaamshwa na sauti, jirani yako akipiga kitu kikubwa inaweza kuamka kwa mlio wake.

Namba nne ni MagnetoSpeed, ile ya kufunga kwenye mtutu kwa mkanda. Hii jua haiijui, upepo hauijui, inasoma vizuri sana na inaingia kwa begi bila shida. Wa raifo asiye na pesa ya rada aitazame hii kabla ya vijiti. Ila ukifunga uzito mbele ya mtutu, mtutu unacheza tofauti na risasi zinahama pale zilipokuwa zinagonga, kwa hivyo siku ya kupima kasi ni ya kupima kasi, usichanganye na kurekebisha shabaha. Wa bastola aiache, sleidi (ile sehemu ya juu ya bastola) inarudi nyuma na pa kuifunga ni shida. Na ukiifunga hakikisha imenyooka sambamba na mtutu, ikining'inia kidogo utaipiga.

Vijiti ni namba tano. Sikatazi, mtu akikuuzia Caldwell nzima kwa bei ya kirafiki na renji yenu ina kivuli cha kudumu, chukua, piga asubuhi mapema jua likiwa bado chini pembeni. Wenye bunduki ya upepo pekee wana njia nyingine, FX ya Uswidi walitengeneza rada ndogo ya mfukoni kwa ajili yao, haifai kwa raifo ya baruti lakini kwa pelleti, zile risasi ndogo za upepo, inatosha kabisa, na pia kuna zile ndogo za Xcortech, za kupitisha risasi katikati ya bomba, hizo pia ni za upepo tu, usithubutu kuweka mbele ya baruti.

Ukiagiza kutoka nje andika kwenye invoisi kwa maneno ya wazi kwamba ni kifaa cha kupima kasi, na uwe na kopi ya cheti chako cha silaha karibu, maswali yakija unajibu mara moja. Ukinunua ya mkono wa pili usilipe kwa picha. Kutaneni renji, piga risasi tano za boksi moja kwa krono yake na tano kwa krono ya mwenzako unayoiamini, linganisha wastani. Fungua mlango wa betri utazame vile vyuma, ukiona unga wa kijani au mweupe hiyo imekaa na bahari muda mrefu, iache. Ukiwa na yako, ifute kwa kitambaa kikavu kila ukirudi, toa betri, na iweke kwenye kopo la kufunga pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Na siku ya kuitumia usipige tatu ukasema umeshajua, piga angalau kumi za boksi moja, kwa sababu tatu zinaweza kukupa mtawanyiko mzuri wa kubahatisha. Risasi zisikae kwenye dashibodi ya gari tangu asubuhi, baruti ikipata moto inaungua kwa kasi zaidi na namba zinapanda, utafurahi umefika 128 halafu siku ya mechi, risasi zimetoka kwenye begi lililokaa kivulini, zinashuka. Kama mechi iko Kirigiti huko Kiambu ambako asubuhi kuna baridi, jiachie nafasi, mimi kwa 125 sikubali risasi inayonipa chini ya 130 hapa Malindi.