Sato nawapa alama zote, utaratibu wao hapana

Nianze na chakula, maana ndicho kilichonipeleka. Mgahawa huu uko Mwanza, upande wa Capri Point, unatazama ziwa, na sato wanajua kumchoma: ngozi imekauka, nyama bado ina maji yake. Ugali wa muhogo upo, wa mahindi upo. Sh 15,000 kwa samaki anayeshibisha wawili, sina neno.

Kilio cha wengi ni huduma, na lawama zote wanatupiwa wahudumu: wavivu, wana nyodo. Mimi nimefanya ukaguzi wa ubora miaka mingi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, kwa hiyo kabla ya kumwangalia mtu huwa naangalia kazi yake imepangwaje. Nikamuuliza dada aliyenihudumia mbona ananisimamia kama askari na ndimu haiji. Akacheka kidogo.

"Mama, mteja akiondoka bila kulipa, bili inakatwa kwenye mshahara wangu."

Sasa ndimu ataifuata saa ngapi? Jiko liko chini, sisi tuko juu barazani. Akishuka tu, meza zake zote hazina mlinzi. Ndiyo maana wengine wanadai hela hata mikono hujanawa.

Kuna na picha ya mfanyakazi bora wa mwezi pale kaunta, anayechaguliwa kwa mauzo. Meza za ukingoni, zenye upepo wa ziwa, jioni zinajaa watu wa sato na bia. Za nyuma, karibu na choo, wanakaa waliokosa nafasi, wanaagiza soda. Na meza hazizunguki. Uliyopewa ndiyo yako. Wa nyuma akimbie mpaka soli iishe, picha ile haimhusu, na ameshalijua hilo. Unategemea atembee haraka kwa lipi?

Kwenye mafunzo kiwandani tulifundishwa jaribio la W. Edwards Deming, Mmarekani mtaalamu wa ubora kazini. Sanduku lina shanga 4,000, kati yake 800 nyekundu, ndizo kasoro. Mfanyakazi anachota kwa kibao cha vishimo 50 bila kuchagua. Aliyetoka na nyekundu chache anasifiwa, aliyetoka na nyingi anagombezwa, na wote wamechota sanduku lilelile. Tulicheka sana, lakini zamu yetu ya usiku ilikuwa imesemwa weee kwa kuacha nyama kwenye mapanki, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, kumbe mnoa visu alikuwa anaondoka saa kumi na mbili jioni.

Meneja nilimweleza: zungusha meza kila wiki, ondoa makato, weka mtu mmoja wa malipo mlangoni. Akanijibu vijana wa siku hizi hawana moyo wa kazi. Haya.

Ukienda, wahi kabla jua halijazama, lipa kabisa unapoagiza, halafu ndiyo utaje ndimu na pilipili kwa pamoja. Dada atashuka bila wasiwasi.