Jeki za zege za kukodi Mwanakwerekwe: zichague moja moja

Jeki hizi ni nguzo za chuma za kurefusha na kufupisha, zinazobeba slabu mpaka zege ishike. Kwa jumla mzigo wa wakodishaji wa Mwanakwerekwe, Unguja, ni mzuri: bomba zimenyooka, bamba la chini halijapinda, kola (nati kubwa ya kurekebishia urefu) inazunguka kwa mkono bila kugongwa nyundo. Tatizo ni pini, ile inayozuia bomba la ndani lisishuke. Baadhi ya jeki zimechomekwa kipande cha nondo ya milimita 10 badala ya pini yake, na nondo hupinda taratibu, bomba la ndani likashuka, slabu ikapasuka haijashika bado. Slabu ya sentimita 15 ina kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba, si mchezo. Zikatae hizo.

Usikodi fupi ukairefusha hadi mwisho. Hapo nguvu hupungua sana. Isimamishe wima, na chini tia ubao mpana, maana mchanga wetu humeza bamba.

Miti ya mvinje wanayo pia, rahisi zaidi. Ina sifa moja inayojulikana sana na wachimbaji wa makaa ya mawe: mti hulia kabla ya kuvunjika, mtu akawahi kukimbia. Chuma hakiagi.

Gari ya kurudishia jeki ni juu yako.