Maikrowevu ya mtumba: miaka kumi na moja nayo hapa Kigoma

Niliinunua mwaka 2013 Dar es Salaam, kwenye kibanda cha vyombo vya mtumba, kwa shilingi 95,000. Muuzaji alikuwa na kikombe cha maji tayari. Alikitia ndani, akabonyeza, baada ya muda maji yakafuka mvuke, na biashara ikaishia hapo. Mlango sikuutazama. Plagi sikuitazama. Nilitazama maji tu, kama mtu anayenunua ng'ombe kwa kuangalia pembe.

Nikapanda nayo treni ya Reli ya Kati mpaka Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200, imefungwa kwenye kitenge cha mke wangu. Kila stesheni hakukosekana mtu wa kuuliza kama hiyo televisheni inauzwa. Tunakaa Mwanga. Mimi ni mwalimu wa fizikia, kwa hiyo mtaa mzima ulichukulia kwamba najua ninachofanya. Nami niliwaacha waamini hivyo.

Chapa sitaitaja, kwa sababu mengi yaliyonipata hayakutoka kiwandani. Kibandiko cha nyuma kilisema imetengenezwa 2004, wati 700, inakula wati 1,150. Hizo namba mbili watu huzichanganya. Zile 700 ndizo zinazoingia kwenye chakula; zile 1,150 ndizo zinazotoka kwenye mita yako ya LUKU. Ukipasha sahani moja kwa dakika tatu, umekula kama uniti 0.06, yaani hata sehemu ya kumi ya uniti hujafika. Kwa kiporo cha wali na maharage, mkaa hauoni ndani. Migebuka wa kukaanga nao wanapashika vizuri, ila funika, maana mafuta yao yanaruka na harufu inabaki humo mpaka chai ya asubuhi inanukia samaki. Ugali wa muhogo haukubali. Unakauka pembeni, katikati unabaki kama mpira. Nyunyizia maji, ufunike, na bado usitegemee miujiza.

Kupima nguvu yake ni rahisi na hakuhitaji fundi. Chukua maji lita moja, pima joto lake kwa kipimajoto, washa kwa nguvu zote dakika mbili, koroga, pima tena. Zidisha nyuzi zilizoongezeka kwa 35, jibu ni wati. Mwanzoni, asubuhi, nilipata nyuzi 19, sawa na wati 665, na kwa chombo chenye umri ule nilifurahi. Jaribio hilo hilo saa mbili usiku lilinipa nyuzi 12, wati 420. Miaka ile Kigoma tulikuwa bado kwenye majenereta ya dizeli, gridi ya Taifa ilikuja kutufikia mwaka 2022, na jioni mtaa mzima ukiwasha, umeme ulikuwa unalegea. Transfoma ilinguruma kama mtu anayebeba gunia la sukari ngazini. Baadaye nikapima tena asubuhi, umeme ukiwa umesimama vizuri: nyuzi 14, wati 490. Safari hii aliyechoka ni magnetroni, ile taa ya chuma inayotengeneza mawimbi. Magnetroni ikichoka haikudhuru. Inakuchelewesha chai tu.

Yaliyonitisha ni mengine.

La kwanza ni plagi. Ilikuja na ile ya Ulaya yenye pini mbili za duara, ambayo ethi yake, ile njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, inapita kwenye vibati vya pembeni. Soketi zetu ni za pini tatu bapa. Nikafanya wanachofanya wote, nikanunua adapta ya shilingi elfu mbili. Adapta ile ilipeleka umeme vizuri kabisa, ila vile vibati vya ethi haikuvigusa. Kwa miezi kadhaa mke wangu alikuwa ananiambia kitu hiki kinamtekenya vidole anapokigusa akiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji. Nikamjibu ni hisia. (Mwalimu wa fizikia, tafadhali!) Siku moja nikavua viatu, nikagusa kona isiyo na rangi, nikaelewa. Kwenye maikrowevu ya aina hii ethi si pambo: upande mmoja wa waya wa umeme mkubwa, ule wa volti kama 2,000, umefungwa kwenye bodi lenyewe la chuma. Nilikata ile plagi siku hiyo hiyo, nikafunga ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13, na mtekenyo ukaisha. Mke wangu hajaacha kunikumbusha.

La pili, mende. Hili sijawahi kuliona kwenye kitabu cha maelekezo. Paneli ya vitufe ina joto kidogo muda wote kwa ajili ya ile saa, kuna giza, na chini yake kuna harufu ya dagaa. Mende gani atakataa? Mwaka 2017 ikaanza kujiandikia namba yenyewe, na kuna usiku ilijiwasha bila kitu ndani. Fundi alipoifungua alikuta ukoo mzima kwenye bodi ya saketi, wazima na marehemu, na kinyesi chao kikiwa kimeunganisha njia mbili za umeme. Akasafisha kwa spiriti na brashi ya meno. Tangu hapo tukawa tunaichomoa kila baada ya kuitumia, na saa tukaisahau.

Halafu kuna ile karatasi ya kahawia kwenye ukuta wa ndani upande wa kulia. Watu wengi wanadhani ni boksi lililosahaulika, wanaling'oa. Ni mika, aina ya madini, na inafunika tundu la kuingilia mawimbi. Mafuta yakiirukia na kuungua yanakuwa mkaa, mkaa unavuta umeme, na unaanza kuona cheche za bluu kama mtu anachomelea geti. Yangu niliibadilisha mara mbili. Unanunua kipande, unakata kwa mkasi kufuata umbo la zamani, basi.

Sasa mionzi. Mama mkwe alipotufikia kutoka Kasulu alikataa kula chochote kilichopita humo. Hakuniambia mimi, mkwe haambiwi hivyo. Alimwambia binti yake usiku, kwa sauti ya kutosha nisikie. Jirani naye alikuja na kipimo chake: tia simu ndani, funga mlango, ipige, ikiita basi inavuja na utapata saratani. Simu iliita. Mama mkwe akatikisa kichwa.

Kipimo hicho hakifai kitu. Mlango wa maikrowevu umetengenezwa kuzuia mawimbi yake yenyewe, ya gigahezi 2.45, ambayo urefu wake ni kama sentimita 12. Simu inazungumza kwa masafa mengine, na inahitaji chembe ndogo sana ya mawimbi ili iite. Na haya si mionzi kama ya eksirei. Hayabadilishi chakula kuwa sumu, wala hayabaki humo ukizima, kama vile mwanga haubaki chumbani ukizima taa. Yanachoweza ni kupasha moto, na yanaweza kupasha jicho lako kama yanavyopasha supu. Jicho lina damu kidogo ya kulipoza, ndiyo maana huogopewa kabla ya viungo vingine. Kwa hiyo swali ni kama mlango unafunga. Marekani wana kiwango tangu 1971: maikrowevu, kwa maisha yake yote, isivujishe zaidi ya miliwati 5 kwa sentimita ya mraba ukipima sentimita 5 kutoka kwenye bodi. Nililipenda lile neno la maisha yake yote. Kiwandani kila mlango ni mpya.

Mlango wangu ulianza kulegea 2023. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na tabia ya kuuning'inizia taulo la jikoni, na lile la jikoni likilowa ni zito. Ndoano moja ya plastiki ikakatika. Maikrowevu ikawa inawaka ukiubana kwa mkono, siku nyingine haiwaki, mwisho ikapiga "pah" ikazima. Nikaipeleka kwa fundi redio, kijana mzuri, ananiita mwalimu, ameshanitengenezea vitu vingi. Baada ya siku mbili akapiga simu: imepona. Shilingi elfu kumi na tano.

Ikafanya kazi wiki mbili bila shida. Usiku mmoja nikapasha chai, nikaona dakika moja inatosha, nikafungua mlango kabla ya muda kuisha kama nilivyozoea, nikaingiza mkono kushika kikombe. Taa ilikuwa inawaka. Sahani ilikuwa inazunguka. Feni ilikuwa inavuma, na kikombe kikanipita kidoleni taratibu kikienda zake. Sijui kama ilikuwa sekunde moja au mbili. Niliruka nyuma nikaangusha stuli, nikaichomoa kwa kuvuta waya.

Asubuhi nikaenda kwake.

"Fundi, mlango ukiwa wazi inaendelea kuwaka."

"Mwalimu, si unafunga kwanza ndiyo unawasha?"

"Na mtoto je?"

Akafikiri. "Watoto wako si watundu."

Hakuwa anatania. Akanionyesha alichofanya, na alikuwa anajivunia. Nyuma ya ndoano za mlango kuna swichi tatu ndogo. Mbili zinakata umeme mlango ukifunguliwa. Ya tatu ni mlinzi wa wenzake: ikiona mlango uko wazi na swichi ya kwanza imegoma kukata, inapiga shoti kwa makusudi ili fyuzi iungue na chombo kife. Ndiyo ile "pah" yangu. Ndoano iliyokatika ilikuwa imevuruga mpangilio, yule wa tatu akafanya kazi yake. Fundi akaweka fyuzi mpya, ikaungua. Akaweka nyingine, ikaungua. Basi akamng'oa mlinzi na kuziunga zile mbili kwa waya.

Sikuweza kumkasirikia sana. Kwenye redio hakuna kipuri ambacho kazi yake ni kukataa. Kila kinachozuia sauti isitoke ni ubovu, unakiondoa. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeiondoa ethi kwa adapta ya elfu mbili. Nilichomkaripia ni kitu kimoja tu: alikuwa ameingiza mikono humo bila kujua kuna kapasita inayoweza kubaki na chaji ya volti elfu mbili na zaidi hata baada ya kuchomoa. Kwenye redio za betri anazozitengeneza, kosa la namna hiyo linaunguza kipuri. Hapa linazika mtu.

Nikatafuta fundi wa friji na majokofu, mtu mzima wa Ujiji. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuimaliza chaji kapasita kwa kuigusisha bisibisi yenye mpini mrefu, kabla hajagusa kingine chochote. Nikajua nimefika. Alitia swichi tatu mpya, akatoa ndoano kwenye mzoga wa nyingine, akanitoza elfu thelathini na tano. Kisha akachukua karatasi, akaifungia mlangoni na kuivuta, kona baada ya kona. Juu ilishika. Kona ya chini kushoto ikateleza kama vile hakuna kitu.

"Mwalimu, bawaba imeinama. Swichi nimekuwekea, lakini mlango si wangu."

Pembeni mwa mlango, chini ya ile plastiki, kuna mfereji unaozuia mawimbi yasitoroke kwenye nafasi iliyobaki, na vipimo vyake vimefuata urefu wa wimbi. Mlango ukiinama, mfereji nao unakaa kombo. Karatasi si kipimo cha miliwati, lakini kipimo halisi hakuna aliyekuwa nacho, na mimi sikutaka kusimama karibu nayo tena.

Nikaendelea nayo mwezi mmoja hivi, aibu ni yangu, nikiiwasha na kwenda kusimama sebuleni. Kilichomaliza ubishi ni kutu. Chini ya sahani ya kioo rangi ilikuwa imebanduka zamani, nikaipaka mara moja na kuiona imetulia. Usiku umeme umekatika nikatia tochi ndani nitafute kijiko, mke wangu akasema, "Mbona mezani kuna mwanga?" Tundu lilikuwa limetoboka sakafu ya ndani na bati la nje, mwanga unatua kwenye meza ukubwa wa shilingi hamsini. Wavu wa mlango una vitundu vidogo vilivyopimwa. Hili halikupimwa na mtu.

Kama mtu ananiuliza ninunue ya mtumba au nisinunue, jibu langu ni kwamba kwa kupasha naipa nne kati ya tano, hata kwa umri wake. Lakini nenda na karatasi na tochi, na mwambie muuzaji afungue mlango ikiwa inawaka. Ikiendelea kuwaka, muachie kikombe chake cha maji.

Yangu haikutupwa. Fundi wa Ujiji aliondoka na transfoma na kapasita, mimi nikaukata waya kwenye shina ili asije mtu akaichomeka. Ule mlango ulioinama bado unamshinda paka. Mke wangu anahifadhia humo dagaa wakavu, na paka wa jirani hukaa juu yake mchana kutwa, akichungulia kwenye wavu.