A History of God cha Karen Armstrong: jinsi ya kukisoma bila kukwama

Kitabu hiki cha mwaka 1993 hakithibitishi wala hakikanushi kuwapo kwa Mungu. Anachofuatilia Armstrong, aliyewahi kuwa mtawa wa Kikatoliki, ni namna Wayahudi, Wakristo na Waislamu walivyomfikiria Mungu kwa miaka 4,000. Asiyeshika tofauti hiyo mapema ataona kila ukurasa ni kufuru, au ni mahubiri.

Kina sura 11. Mbili za mwanzo zina nyama zaidi: Waisraeli wanamwabudu Yahweh huku wakijua mataifa mengine yana miungu yao, hadi anapokuja Isaya wa Pili, nabii wa uhamishoni Babeli katika karne ya 6 kabla ya Kristo, na kutangaza kwamba hakuna mungu mwingine kabisa. Hapa mwandishi anaegemea nadharia kwamba Taurati ilisukwa kutokana na maandishi manne tofauti, ambayo wataalamu huyaita J, E, D na P, kana kwamba mjadala umefungwa. Haujafungwa; wataalamu bado wanavutana juu ya tarehe za vyanzo hivyo, na wengine wanakataa kwamba E iliwahi kuwapo peke yake.

Sura ya Utatu ndiyo inayoangusha wasomaji wengi, maana majina ya viongozi wa Kanisa wa karne ya 4 yanamiminika: Arius, Athanasius, Basil, kisha Gregory wawili. Kabla ya kuifungua, shika swali moja tu: Mwana ni kiumbe au ni Mungu kamili? Arius alisema ni kiumbe. Athanasius akajibu kwamba kiumbe hawezi kumwokoa kiumbe mwenzake. Mtaguso wa Nikea mwaka 325 ulimkataa Arius, lakini ugomvi uliendelea hadi ule wa Konstantinopoli mwaka 381, na ndani ya miaka hiyo ndimo akina Basil wanapoingia.

Sura ya 6 na ya 7 zisomwe kwa mfululizo. Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu, anamfikia Mungu kwa hoja: vyote tunavyoviona vingeweza kutokuwapo, basi lazima awepo Mmoja ambaye kuwapo kwake hakutegemei kitu. Al-Ghazali, mwanateolojia Mwislamu aliyefariki mwaka 1111, anasema akili haifiki huko, anageukia usufi, njia ya Kiislamu ya kumtafuta Mungu kwa moyo. Ibn Rushd baadaye anamjibu kwa niaba ya wanafalsafa. Ukiweka kitabu chini katikati ya mabishano haya, utalazimika kurudi nyuma.

Upendeleo wa mwandishi hauna kificho. Masufi na wanakabbala, yaani wafuasi wa mafumbo ya Kiyahudi, wanaandikiwa kwa mahaba, Augustine na Luther wanapigwa bila huruma. Mungu Mkuu wa jamii za Afrika anatajwa mwanzoni, pale anapojadiliwa Wilhelm Schmidt, padre aliyedai kwamba watu wa kale kabisa walimwamini Mungu mmoja, halafu basi. Uhindu na Ubuddha navyo vinapitiwa juu juu, jambo ambalo walau mada ya kitabu inalisamehe.

Mwishoni kuna faharasa ya istilahi. Weka alama hapo tangu siku ya kwanza. Sura ya 11, inayouliza kama Mungu ana mustakabali, ni nyepesi kuliko zote. Ukiishiwa pumzi, ruka hiyo.